Jina Moja Juu ya Mlango

Hapo zamani, usiku wa mvua, mlima ulitoa sauti moja tu: gubu! Kisha kimya.

Kulipopambazuka, waliolala katika nyumba ya wageni ya Vudengo, huko milima ya Upare, waliona kilichotokea. Gema la mlima lilikuwa limeporomoka na barabara ya kutoka bondeni haipitiki. Na siku hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya harusi ya Nakiete na Togolani.

Ilikuwa harusi ndogo, na wenyewe walitaka iwe ndogo. Nakiete alikuwa ameposwa kwanza na kijana mwingine, seremala wa kijiji cha jirani, na posa ile ilivunjika kwa fedheha: kijana alisimama mbele ya wazee akasema hamtaki tena binti yao. Kwa hiyo safari hii hapakuwa na matarumbeta. Wageni wa kujaza meza moja, kisha fungate humo humo, basi. Lakini mchungaji alikuwa bondeni. Chakula kilikuwa bondeni. Na paa la chumba cha maharusi lilikuwa limechukuliwa na upepo, kona nzima.

Nyumba ile ilikuwa kongwe, ya enzi za Wajerumani, kuta nene na meko katika kila chumba, na ilikuwa na desturi yake. Wanaooana pale huacha jina moja kwenye boriti ya juu ya mlango wa chumba cha maharusi: jina la mtu ambaye bila yeye harusi yao isingekuwa. Si mawili. Moja. Bibi harusi hulitaja asubuhi ya kutoka fungate, bwana harusi hulichonga, na likishachongwa halifutwi. Wajukuu wa wajukuu huja kulisoma.

Basi Nambike, shangazi wa bwana harusi, alijifunga khanga kiunoni akashuka kwa njia ya msituni. Alimkuta mchungaji akisema atakuja barabara ikifunguliwa. Shangazi alimjibu kwamba Mungu hana haja ya barabara, akamshika mkono, akampandisha mlima akimsema njia nzima. Walifika mchana, mchungaji ana kiatu kimoja.

Kalinga, mpishi wa nyumba ile, alitazama ghala akaona mahindi na maharage tu. Akabandika makande. Kisha akaenda kwake, akamfungua beberu aliyekuwa akimlea kwa ajili ya posa ya mwanawe mwenyewe, akamchinja.

Na Mzee Sifueli, mwenye nyumba, aling'oa mabati ya chumba alicholala yeye, akaezeka chumba cha maharusi. Usiku ule mvua ilimnyeshea kitandani, naye akakohoa wiki nzima.

Harusi ikafungwa. Watu wakala, wakaimba. Togolani akasimama na kikombe mkononi, akasema anamshukuru pia yule mpumbavu wa seremala, aliyeshika tunda akalitupa ili yeye aliokote. Wageni walicheka hadi wakashika mbavu. Baba yake Nakiete alicheka kuliko wote. Nakiete naye alicheka, lakini kicheko kile kilimsumbua fungate nzima.

Kwa maana alijua jambo ambalo wao hawakulijua. Baba yake alikuwa ameapa kwamba akiikataa posa ile, si binti yake tena. Ndipo alipokwenda karakana kwa seremala, akamwambia ukweli: moyo wangu uko kwa Togolani. Kijana aliweka randa chini.

"Nitasema mimi ndiye nisiyekutaka," alisema. "Lakini niapie. Bora wanichukie kuliko wanihurumie. Jina langu usilitaje tena."

Nakiete akaapa. Tangu hapo kila nyumba alikopeleka posa kijana yule ilimfungia mlango, na watoto walimzomea njiani. Kila alipozomewa Nakiete alisikia, na kila aliposikia alinyamaza.

Asubuhi ya kutoka fungate ikafika. Wageni walikuwapo bado, maana barabara ilifunguliwa siku hiyo hiyo. Togolani alipanda kwenye stuli, patasi mkononi.

Shangazi Nambike hakungoja kuulizwa. "Mwanangu, pasipo mchungaji hakuna ndoa, kuna watu wawili waliovaa vizuri. Nani alimleta?"

Kalinga alisema harusi isiyoliwa haina shahidi. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mwanawe bado hajaoa.

Mzee Sifueli alikohoa kwanza. "Mimi sisemi kitu," alisema. "Tazameni tu paa juu ya mlipolala pakavu."

Watu wakacheka, wakamgeukia bibi harusi. Nakiete alimtazama baba yake. Alimtazama mumewe, aliyekuwa akitabasamu bila wasiwasi wowote. Akimficha seremala, jina la mmoja wa hawa watatu litaingia juu ya mlango, na kila mmoja alikuwa ametoa kitu cha kweli. Akimtaja, kiapo kimevunjika. Mume atakumbuka kikombe chake, baba atakumbuka kicheko chake, na yule aliyekataa kuhurumiwa atahurumiwa na nchi nzima.

"Mke wangu," alisema Togolani, "taja nichonge."

Nakiete akasimama wima.

"Mbonea," alisema. Lilikuwa jina la yule seremala.

Patasi iko kwenye boriti, bado haijagongwa. Sasa semeni ninyi mliosikia: aliyemleta mchungaji, aliyetoa beberu wa mwanawe, aliyelala kwenye mvua, au aliyeomba asitajwe? Je, nani alistahili?