Samahani Iliyopigiwa Kelele

"Samahani haivuki bonde kwa kelele." Ndivyo nilivyosema asubuhi, Elineema alipomkanyagia dada yake nguo alizoanika majanini, akangoja afike barabarani ndipo akapayuka, "Samahani basi!" Dada mtu akazidi kununa. Sasa mnataka kujua methali hiyo nimeitoa wapi. Ilianza hivi, na msiniulize ni mwaka gani. Mimi sikuwepo, ingawa mnavyonitazama naona mnadhani nilikuwepo.

Huku kwetu Upareni milima imetazamana kama wagomvi. Ukisimama mlima huu unamwona mtu wa ng'ambo akipeta mahindi yake, lakini kumfikia ni kushuka bonde, kuvuka mto, na kupanda tena mpaka magoti yalie. Kwa hiyo watu wa zamani hawakujisumbua kutembeza habari. Walizipigia kelele. Mbuzi kapotea, kelele. Mtoto kazaliwa, kelele. Kila mlima ulikuwa na mtu wake aliyejaliwa koo, na mlima mmoja ulikuwa na Kangalu. Huyo akikohoa tu, kuku wa ng'ambo walikimbilia ndani.

Jirani yake Kangalu alikuwa kijana mmoja, Mngale, na mkewe Nakijwa, ambaye kwao ni mlima wa ng'ambo. Siku moja Mngale aliita msaragambo, watu wakaja kumsaidia kuchimba mfereji. Nakijwa akapika makande chungu kizima. Wanaume wameketi, wamenawa, Mngale akaonja, akakunja uso, akasema mbele ya wote, "Makande haya hata chumvi imeyakimbia!"

Wanaume wakacheka hadi wakapaliwa. Nasikia makande yenyewe yalikuwa mazuri tu, na chungu kilirudi kitupu. Mngale alitaka kuchekesha watu. Mwanamume akitaka kuchekesha watu na hana la kusema, huanza na jiko la mkewe.

 Nakijwa aliosha chungu, akakifunika, akajifunga kanga yake, akashuka bonde kwenda kwa baba yake.

Mngale akasema moyoni, atarudi kesho. Kesho ikapita na nyingine nyingi, mpaka mawingu ya masika yakaanza kukaa juu ya milima. Hapo akashtuka. Kwa desturi ya huko, mke aliyekaa kwa baba yake mpaka masika yakaisha alihesabiwa amerudi kwao moja kwa moja. Na mto ukishajaa hakuna wa kuuvuka. Nyumba ilikuwa baridi, na yeye, hakuna siri, alimpenda mkewe. Lakini ashuke bonde watu wakimwona, apande ng'ambo, ainamishe kichwa mbele ya baba mkwe? Aliona aibu. Akamwendea Kangalu.

"Ndugu yangu, nipigie neno ng'ambo. Mwambie Nakijwa nimekosa, arudi nyumbani."

"Basi?"

"Basi. Ila uliseme kwa upole."

Kangalu akamkazia macho. "Nipige kelele kwa upole?"

"Eeh."

"Mngale, upole wangu mimi unaishia hapo kwenye migomba yako. Ukitaka neno lifike ng'ambo, lazima lifike na kishindo chake."

Hata hivyo alipanda kwenye jiwe lake, akajaza kifua.

"NAKIJWAAA! MNGALE ANASEMA AMEKOSAAA! RUDI NYUMBANIII!"

Hakuongeza neno, hakupunguza. Lakini fikirini wenyewe. Mtu akinong'ona "rudi nyumbani," anaomba. Akinguruma "rudi nyumbani," anafukuza mbuzi shambani. Kule ng'ambo Nakijwa alikuwa akipalilia na wenzake. Wote wakainua vichwa.

"Shoga, unaitwa," mmoja akasema.

"Anaitwa au anatishwa?" akauliza mwingine.

Nakijwa akatupa jembe chini. Akamwendea mpiga kelele wa kwao, akamnong'oneza sikioni. Haukupita muda jibu likaja, likagonga mlima huu na ule.

"NAKIJWA ANAULIZAAA! CHUMVI IMESHARUDIII?"

Milima yote miwili ikacheka. Watoto wa pande zote mbili wakaligeuza wimbo palepale. Mngale akatamani ardhi ipasuke.

"Rudia," akamwambia Kangalu. "Safari hii sema kwa huzuni."

Kangalu akarudia kwa huzuni. Ng'ambo wakaanza kuulizana ni nani amefariki.

"Sasa nijaribu vipi?" akauliza Kangalu. "Kwa kubembeleza? Nikimbembeleza mkeo kwa sauti hii, wewe mwenyewe utanipiga mawe."

Wakati huo radi ikanguruma upande wa juu wa mto.  Mngale alishuka bonde mbio, bila fimbo, bila kuaga. Mto ulimfika kiunoni na ulikuwa bado unapanda. Alifika kwa baba mkwe jua linaelekea kuzama, amelowa, miiba imemchana miguu, pumzi zimemwisha.

Mzee Sekiete, baba yake Nakijwa, alikuwa ameketi mlangoni akichonga mpini. "Aa, mkwe. Umeona kule ni mbali, umekuja kutupigia kelele hapahapa?"

 Nakijwa akatoka jikoni, mwiko mkononi, akasimama mbele ya mumewe. Mngale akatazama chini.

"Nimekosa," akasema, na sauti yenyewe haikuweza kuzima hata mshumaa. "Rudi nyumbani."

"Hayo niliyasikia mchana."

"Ni hayohayo. Sina mengine."

"Mchana yalinipiga kama mawe, tena mbele ya watu." Akamsogelea. "Hebu sema tena, sijasikia vizuri."

Mwongo huyo! Alisimama karibu hadi maji ya nguo za mumewe yalikuwa yakimdondokea miguuni. Mngale akarudia, chini zaidi.

"Na makande?"

"Yalikuwa matamu. Nilijua ni matamu. Nilitaka tu wanicheke... yaani, wacheke nami."

"Hilo Kangalu hakulisema."

"Sikumtuma. Nisingeweza kumtuma."

Nakijwa akampa mama yake mwiko, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na furushi lake. Mzee Sekiete akatazama mawingu, akasema, "Mkienda, nendeni sasa hivi. Mto haubembelezwi." Wakashuka. Maji yalimfika Nakijwa kifuani, Mngale amemshika mkono, na usiku ule mvua ikanyesha kama imetumwa.

Asubuhi Kangalu akapita, akamkuta Nakijwa uani anachambua maharage. Kifua kikamvimba. Akamwuliza Mngale, "Umeona kazi yangu? Ni kelele ipi iliyomrudisha, ile ya kwanza au ile ya huzuni?"

Mngale alikuwa amekauka sauti kwa baridi ya mto, hata Kangalu ilibidi ainame kumsikiliza.

"Hakuna hata moja, ndugu yangu," akamwambia taratibu. "Samahani haivuki bonde kwa kelele."