Zimwi Lililotaka Uso wa Mama

Sogeeni, wanangu, mnisikilize. Hapo kale mama mfinyanzi, Nakijwa, aliishi na binti yake mdogo. Akaja mgeni aliyejifunika shuka hadi puani.

"Mama, nifinyangie kinyago chenye sura yako."

Nakijwa akashuku, lakini akafinyanga.

"Binti yako unamwitaje?"

Akashuku zaidi, akaendelea kufinyanga.

"Ukienda kisimani, yeye humfungulia nani mlango?"

Hapo akajua ni zimwi, linataka kuvaa sura yake ili mwanawe alifungulie mlango, limle.

"Ngoja kikauke siku saba," akasema.

"Kichome sasa hivi!"

"Haya, baba."

Akakitia kibichi kwenye moto wa nyasi na samadi. Zimwi halikujua kuwa udongo mbichi hupasuka motoni. Lilipoinama kukitazama, paa! Vigae vikalipiga machoni, likakimbia likilia.

Tangu siku hiyo Nakijwa akibisha hodi, binti hupenyeza mkono kwanza, akampapasa mashavu.

"Ni ngozi, si udongo. Ingia, mama."