Kamba ya Bibi Kifutio

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Awe na mkono mwepesi namna gani, kisogo chake mwenyewe hakioni, na nywele zikimzidi itambidi ainamishe kichwa mbele ya mwenzake. Methali hii kila mtu huipenda inapomhusu jirani. Bibi Kifutio naye aliipenda vivyo hivyo, mpaka ilipomgeukia.

Bibi huyu alikuwa mchoraji wa wahusika wa vitabu vya watoto. Alikuwa na karakana ya chumba kimoja kirefu na wapaka rangi watatu, na hao ndio waliompa jina, kwa kuwa neno "futa" halikukauka mdomoni mwake. Kila Alhamisi walitundika picha zao kwa vibanio kwenye kamba ya nguo iliyokatiza chumba. Mwenye picha aliketi juu ya kigoda akafunga mdomo, na wenzake wakasema walichokiona. Bibi Kifutio alisema kuliko wote.

"Huyu mzee ana macho ya samaki aliyelala sokoni siku mbili. Futa! Na hilo sikio umeliazima kwa nani?"

Mara nyingi alisema kweli, ndiyo maana walimvumilia. Lakini picha zake mwenyewe hazikupanda kambani hata siku moja. Alizimalizia mezani kwake kule pembeni, akazitia kwenye bahasha na kuifunga palepale.

Siku moja bahasha ikarudi. Ndani yake alikuwamo mama mwokaji, mhusika mkuu wa vitabu kumi na viwili, kazi ambayo ingeilisha karakana mwaka mzima. Mhariri alikuwa ameandika mistari miwili tu: "Uso huu hauaminiki. Tuletee mwingine Ijumaa, la sivyo kazi tutampa mchoraji mwingine."

Bibi Kifutio alijiona kama aliyezabwa kofi mbele ya wanawe. Alichora upya Jumatatu, akachora tena Jumanne na Jumatano. Kila alipoupaka rangi ule uso aliuona umepauka kama wa mgonjwa, akazidi kuongeza wekundu mashavuni, hata penseli yake nyekundu ikabaki kipande kisichoshikika. Wapaka rangi walitazamana, kisha kila mmoja akainamia kazi yake kama aliyeangusha sindano.

Alhamisi asubuhi aliingia wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani asiyejua kunong'ona. Alikuwa amemletea gauni jipya. Akalitandaza juu ya meza, akakunja uso.

"Wifi, gauni hili nimelishona jeupe. Mbona hapa kwako limekuwa la kijani?"

Aliinua macho. Juu ya meza, paani, palikuwa na bati la plastiki la kupitisha mwanga, la kijani kibichi.

"Mwenye nyumba alilibadilisha miezi mitatu iliyopita," Bibi Kifutio alijibu bila kuinua kichwa. "La zamani lilivuja. Niache nifanye kazi, kesho ndiyo kesho."

"Na rangi unachagua hapahapa? Sisi hata uzi tunautoa mlangoni kwanza tuuone juani. Hebu lete hiyo picha."

"Wewe unajua nini kuhusu picha? Kashone!"

"Picha sijui. Rangi naijua," wifi alisema, na kabla hajazuiwa alikwisha kuikwapua karatasi na kutoka nayo nje.

Bibi Kifutio alimkimbilia akiwa na maneno makali tayari ulimini. Pale juani mama mwokaji alikuwa mwekundu kama aliyeokwa pamoja na mikate yake. Alipogeuka, wapaka rangi wote watatu walikuwa mlangoni, wakiangalia vidole vya miguu yao.

"Mlijua?"

"Tulijua, Bibi," alisema yule mkubwa wao. "Ule mwanga wa kijani mezani kwako tunauona kutoka kwetu."

"Na mkaninyamazia mpaka tukose kazi?"

"Tungesemea wapi, Bibi? Picha yako haijawahi kupanda kambani. Na ukikasirika, nani atabaki hapa?"

Aibu ilimpanda Bibi Kifutio hadi masikioni, na ndani ya aibu hiyo alihisi huruma kwa watu waliomwogopa hivyo. Aliingia ndani, akaibana picha katikati ya kamba kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaketi juu ya kigoda. Magoti yakamfika kidevuni.

"Semeni," alisema. "Mkinionea huruma nawafukuza."

Wakasema. Walianza na lililo jema, kwamba mikono ya yule mama ilionekana kweli imekanda unga miaka mingi. Kisha mashavu, kisha kivuli cha kilemba kilichoangukia upande usio wake. Bibi Kifutio alivunja sheria mara mbili kwa kujitetea, na mara zote mbili wifi yake alimwambia afunge mdomo. Mchana huo waliihamishia meza dirishani, na jioni mama mwokaji alikuwa na uso wa mtu.

Ijumaa mhariri aliipeleka picha kwenye mwanga, akainamisha kichwa huku na huku, halafu akacheka. "Huyu hata mkate wa mkopo ningemwomba," alisema, na kazi ikawa yao.

Bibi Kifutio alipita kwa wifi yake kumshukuru. Wifi alikuwa amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, akazunguka mara moja ili asifiwe. Bibi Kifutio alifungua mdomo kusema neno lake la siku zote, akalimeza.

"Kifua kimekukaa vizuri sana, wifi," alisema taratibu. "Ila pindo la nyuma upande mmoja limepanda juu. Vua nikuoneshe."

Fundi alijipapasa nyuma, asione kitu, kisha wote wawili wakaangua kicheko mpaka cherehani ikatikisika. Kweli, kinyozi hajinyoi.