Matanga ya Bomba la Bondeni

Hapo zamani za kale, wanangu, na si zamani kivile, maana simu zilikuwepo ila bando lilikuwa limeisha, wanyama walihamia mjini. Swala alikuja kutafuta kazi. Nyumbu akaja na nusu ya ukoo. Kila siku nyumba mpya, kila siku vinywa vipya, na bomba kuu la maji lilikuwa lile lile la enzi za babu, likiteremka toka Kilimani hadi mtaa wa Bondeni.

Kilimani alikaa Tembo, mwenyekiti wa kamati ya maji. Bondeni alikaa Pimbi, mfupi kama kigoda, digrii ukutani, kazi hana. Lakini inasemekana Pimbi na Tembo ni damu moja. Msiniulize ilikuwaje! Ndiyo maana alimwita mjomba.

Basi siku hiyo mke wa Pimbi akajifungua mapacha. Vigelegele! Mama mkwe akakimbilia bomba la mtaa na karai lake, akafungua.

"Pfffff," likasema bomba.

"Mkwe wangu, hongera," bibi akasema. "Sasa wajukuu zangu niwaogeshe kwa mate?"

Pimbi akapanda kilima mbio. Getini kwa Tembo akasikia mota ya kuvuta maji, ambayo mjomba aliifunga kwenye bomba la wote: guuu, guuu, guuu! Inafyonza hadi tone la mwisho. Tembo mwenyewe yumo bwawani, maji masikioni.

"Shikamoo, mjomba. Nimepata mapacha. Naomba ndoo moja tu."

"Marahaba, hongera sana! Ila maji, mpwa wangu, ni changamoto. Demand imeongezeka. Mnazaana mno huko chini. Usijali, tunaandaa workshop."

"Workshop inaogesha mtoto, mjomba?"

"Vijana mna haraka! Be patient." Akazama. Blub, blub, blub.

Pimbi akashuka akisaga meno. Tatizo la mjomba si moyo, akawaza. Moyo anao, tena mkubwa. Tatizo ni masikio: yote yale, na hayasikii mpaka mtu afe. Kobe alipokufa, Tembo huyu huyu alimlilia wiki nzima, na wala hawakuwa wakijuana!

Pimbi akasimama ghafla. Akacheka peke yake.

Akachukua spana, akakifungua kichwa cha bomba la mtaa: kwi, kwi, kwi, tok! Akakivika kile kichwa shuka jeupe, akakilaza juu ya kitanda cha kamba, akapiga yowe.

"Msiba! Njooni na sufuria! Njooni na madumu!"

"Nani kafa?" akauliza Nyumbu.

Pimbi akafunua shuka. Nyumbu akauma midomo asicheke.

"Wote mlie vizuri. Fisi, wewe kaa nyuma. Ukilia utacheka."

"Nitajikaza, kaka."

Wakabeba kitanda hadi Kilimani. "Uwiii! Uwiii! Katuacha!"

Tembo akatoka akichuruzika maji. Alipoona shuka jeupe, masikio yakamlegea.

"Mpwa wangu! Jamani, mbona hamkuniambia?" Akaangua kilio: "Hooooo!" Chozi la Tembo, wanangu, ukilikinga linajaza ndoo.

"Wewe ndiye mkubwa wa ukoo, mjomba. Tunaomba matanga yawekwe kwako."

"Kwangu, kwa nani tena! Fungueni geti! Fungueni mabomba, watu wanawe, wapike, waoge! Asitoke mfiwa na kiu hapa!"

Chwaaa! Dumu likafuata dumu. Ndoo ya kwanza Swala akaishusha mbio hadi kwa mama mkwe, na mapacha wakaoga, wakapiga chafya, wakalala.

Tembo akafuta kamasi, na mkonga ule, si kazi ndogo. "Hivi... marehemu ni nani?"

Pimbi akafunua shuka.

"Bomba la Bondeni, mjomba. Lilianza kukohoa siku ulipofunga mota. Likadhoofika. Leo limekata roho mbele ya wanangu."

Huko nyuma Fisi akashindwa: "Hi hi hiii!"

Tembo akafura. Akatazama geti, akatazama watu. Lakini nani amewahi kufukuza wafiwa aliowakaribisha kwa kinywa chake mwenyewe?

"Na matanga haya," akasema taratibu, "yanaisha lini?"

"Akifufuka marehemu. Ndugu zake Nyumbu wako njiani kutoka porini."

"Wangapi?"

"Wote, mjomba. Na wameshaambiwa kuna bwawa."

Tembo akanyoosha mkonga. Pwa! Mota ikazimika: guuu... guu... gu.

Mara huko Bondeni: "Kho! Kho! Chwaaaaa!" Maji yakaruka juu kutoka kwenye bomba lisilo na kichwa.

"Kafufuka!" Wakambeba marehemu mbio, Pimbi akamfunga mahali pake. Ikawa bomba lile ndilo la kwanza mtaani kupata kazi mwaka ule.

Jioni Tembo akateremka mwenyewe, kwa aibu, akachungulia mapacha. Mmoja akaudaka mkonga, hauachii.

"Huyu anaitwaje?" Tembo akauliza, sauti imelainika.

"Bado hana jina," akasema mama mkwe. "Lakini kama ile mota hutaiwasha tena, tutampa lako."

"Nimeshaing'oa, bibi. Nyaya hizi hapa."

Ndiyo hivyo, wanangu: ukinywa maji ya mtaa peke yako, matanga yake yatawekwa nyumbani kwako.