Chachu ya Mama Senesa

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na wewe uliyesimama mlangoni ingia ukae. Nyamazeni. Mwenye kikohozi akikohoe sasa, maana kisa hiki siwezi kukisimulia kwa utulivu, na mtu akinikatiza nitamkaripia bure.

Inasimuliwa kwamba zamani, imani ya Masihi ilipokuwa bado changa, palikuwa na jamaa ndogo ya waumini katika mji mmoja wa Misri, kando ya mto Nili. Kanisa hawakuwa nalo. Walikusanyika nyumbani kwa mzee wao, Paniske, na kila Jumapili walimega mkate mmoja. Desturi yao ilikuwa hii: kila nyumba ilileta kibaba cha unga, na ajuza mcha Mungu aitwaye Mama Senesa aliuchanganya wote akaukanda. Kabla ya kuoka alikata donge, akalihifadhi katika chungu kidogo liwe chachu ya Jumapili ijayo. Alifundishwa hivyo na mama mkwe wake, naye alifundishwa na mkwewe. Chachu ile haikupata kukatika tangu waumini wa kwanza.

Miongoni mwao alikuwamo Isemi, mwanamke wa Kibeja kutoka jangwani. Yeye alikwisha kubatizwa. Mumewe alikuwa bado anasujudia sanamu. Lakini mume yule hakumzuia. Alimsindikiza kila Jumapili, akamngoja nje kwenye kizingiti, wala hapakutokea muumini wa kumpa hata maji ya kunywa. Na hilo mlisikie.

Basi mwaka mmoja Wabeja wa jangwani wakauvamia msafara wa watu wa mji, wakaua. Isemi hakuwamo. Mumewe hakuwamo. Lakini watu wakishaumia na kutaka wa kumlipiza kisasi, hawaendi mbali. Humshika aliye jirani. Paniske akamwita Mama Senesa.

"Kuanzia Jumapili hii utaoka mikate miwili. Unga wa yule Mbeja uoke peke yake, naye ale peke yake, uani. Nyumba yake ina sanamu."

"Na nisipooka?"

"Wenye mikono ni wengi, mama."

Senesa alirudi kwake akilia kwa ghadhabu. Hakuwa na mtoto, hakuwa na shamba. Kuukanda mkate ule ndiyo ilikuwa heshima yake yote duniani. Na kuoka mikate miwili kungemgharimu nini? Angetii, angenyamaza, mambo yangepita. Akamwomba Mola ampe subira ya kufika Jumapili. Mola akampa subira, na hasira akamwachia.

Jumapili akaweka mezani mkate mmoja, na kando yake chungu cha chachu.

Paniske akauliza, "Unga wake umeutia humu?"

"Nimeutia."

"Basi mkate huu utupwe."

"Mkate tu? Na chachu je? Tangu mwana huyu abatizwe, kibaba chake kimo katika kila donge nililokata. Hata ningekuokea mikate miwili, yote ingeumuka kwa unga wake. Ukitaka mkate usio naye, mwaga chungu chote."

Kule nyuma, upande wa wanawake, Drosia mkewe Paniske akashindwa kujizuia. "Bwanangu, umekula unga wa Mbeja miaka yote hii, na mashavu yamekujaa!"

Wanawake wakacheka. Senesa hakucheka.

"Mwaga kwa mkono wako, Paniske mwanangu. Ila ujue unachomwaga. Bibi yako alipoleta kibaba chake cha kwanza, kwao mamba alikuwa angali anafukiziwa ubani kama mungu. Mama mkwe wangu aliupokea unga ule. Hakuuliza nyumba ina mungu gani. Aliuliza kama umechekechwa!"

Paniske akakibeba chungu mpaka mlangoni. Pale kizingitini mume wa Isemi akainua macho, akamtazama.  Mzee akakiweka chungu chini taratibu, akatoka, akaketi nje, amejifunika uso kwa nguo.

Ndani wakamega mkate. Isemi akapokea kipande chake, akakikata katikati, akaelekea mlangoni. Senesa akamshika mtandio.

"Wapi? Mwache ashinde na njaa, mwenye kiburi yule! Umemsamehe upesi hivyo?"

"Sijamsamehe, mama. Lakini hajala."

Paniske akaula mkate ule kutoka mkononi mwa Isemi, machozi yakimtoka. Mume wa Isemi akajisogeza, akampa nafasi ya kukaa vizuri. Drosia akaleta maji, ya watu wawili.

Wajukuu zangu, Mungu hakutuuliza tumetoka nyumba gani alipotupokea. Anayemfungia mgeni mlango amesahau kwamba na yeye aliingia kwa mlango huohuo.

Mama Senesa alipofariki, chombo cha kukandia alirithi Drosia. Chungu cha chachu alirithi Isemi, na baada yake binti yake. Paniske aliwaachia wanawe nyumba, akausia mlango wake usitiwe komeo. Hasira ya Senesa haikuusiwa mtu. Hiyo nimeichukua mimi, nami nawaachia nyinyi, mje kuitumia siku mtakapoona mtu anaambiwa akale uani.