Pimbi na Kamba ya Kupimia Wageni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, na majiko yao, na majirani wa kuwasema, aliishi Kiboko mmoja jina lake Bi Mwatumu. Mnacheka nini? Nimetaja kiboko tu, mmeshaanza. Haya, chekeni mmalize, kisha mnisikilize.

Bi Mwatumu alikuwa mnene. Akipita uchochoroni vyungu vinatikisika, ndi! ndi! ndi! Alikuwa hivyo tangu utotoni, na mama yake alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa akimlea Paa mmoja yatima, jina lake Mwanaidi. Alimwokota katikati ya masika akitetemeka kwa baridi, akamlaza ubavuni mwake mpaka akapata joto. Tangu siku ile Mwanaidi hakujua mama mwingine.

Basi Mwanaidi akakua, akaposwa, siku ya harusi ikapangwa.

Desturi ya huko ilikuwa hivi: siku ya kumtoa bibi harusi, aliyemlea hukaa naye mkekani na kumfunua ushungi mbele ya wageni. Anayefunua ushungi ndiye mama, hakuna wa kuuliza tena. Bi Mwatumu aliingoja siku hiyo tangu mtoto hajui hata kutembea.

Siku ya kugawa kanga za sare wakaja wasimamizi wa shughuli: Bi Twiga, Bi Tandala mwenye pembe ndefu, na Bi Mbuni. Msemaji alikuwa Bi Twiga, kwa sababu yeye huona mbali, au ndivyo alivyojisemea mwenyewe.

"Shoga yangu, usinichukie," Bi Twiga akasema. "Kanga ni doti moja kwa kila mtu. Wewe doti moja itakufunika wapi?"

"Nitaunga mbili," akajibu Bi Mwatumu.

"Na wageni je? Watamtazama bibi harusi, au watakutazama wewe? Jipunguze, dada. Doti ikikutosha, utakaa mkekani. Isipokutosha, utatusaidia jikoni, na ushungi nitaufunua mimi."

Bi Mwatumu ana taya la kuvunja mtumbwi, lakini aliona haya, akainamisha uso. Mimi nikifika hapa huwa nakasirika, niacheni kidogo.

Tangu siku ile akaacha kula. Asubuhi maji ya majani machungu, jioni maji ya majani machungu. Mwanaidi akimletea ubwabwa, anamwambia, "Nimeshashiba, mwanangu." Wala hakuwa ameshiba.

Sasa, alikuwepo jirani yake mdogo, Pimbi, ambaye kwa kimo hamzidi paka. Asubuhi moja alimkuta Bi Mwatumu kisimani amekaa chini. Ndoo ilikuwa imemponyoka, pwaa, maji yote yamemwagika.

"Shangazi, unaumwa?" Pimbi akauliza.

"Siumwi. Najipunguza." Akamweleza yote, machozi yakimtoka. "Nisipomfunua mwanangu ushungi, Pimbi, nitakuwa nimemlea nikiwa mpishi wake tu."

"Na umepungua?"

"Nguvu ndizo zimepungua. Mwili uko pale pale."

Mara nyingi jua kali lilimkuta Pimbi akisinzia katika kivuli cha mama huyu, wala hakuwahi kufukuzwa. Akamjazia ndoo kidogo kidogo, kisha akaenda kwake, akasokota kamba ya ukindu iliyolingana na mgongo wake mwenyewe. Akaenda kubisha kwa Bi Twiga.

"Hodi."

"Karibu. Nani? Sikuoni."

"Huku chini, bibi. Mimi Pimbi. Nimetumwa na upande wa bwana harusi. Wamesikia mnapima watu kabla ya kuwakaribisha, wamependezwa mno. Basi nao wameleta kipimo chao." Akainyoosha kamba. "Mtu akiwa na kiungo kinachozidi kamba hii, mahali pake ni jikoni. Niinamishie shingo, tafadhali."

Bi Twiga akainama. Kamba ikaisha, shingo bado inaendelea.

"Lo," Pimbi akasema, sauti ya msibani kabisa. "Bibi, shingo hii."

"Ina nini shingo yangu?"

"Mimi sina neno, nimetumwa tu. Jikunje, labda watakusamehe. Na usimwambie mtu, utajiaibisha bure."

Akatoka hapo, tipu tipu tipu, mpaka kwa Bi Tandala, akapima pembe. Akaenda kwa Bi Mbuni, akapima miguu. Kila mmoja aliambiwa ajikunje na asiseme. Nao hawakusema, maana kila mmoja aliona aibu ile ni yake peke yake.

Siku ya harusi ikafika. Ngoma zinalia, du-dum, du-dum, lakini hakuna anayeinuka kucheza. Bi Twiga ameifunga shingo kwa kanga mpaka kifuani, pua inagusa vumbi. Bi Tandala amezungushia pembe mashuka, hawezi kugeuka. Bi Mbuni anatembea kwa magoti, kwaru, kwaru.

"Hujambo, shoga?"

"Sijambo."

Basi, maneno yao yaliishia hapo.

Bi Mwatumu doti haikumtosha, alikuwa jikoni anapakua pilau. Kupitia mlangoni akasikia Bi Twiga anaguna kwa maumivu. Akaweka mwiko chini, akamwendea.

"Dada, shingo imefanya nini?"

Bi Twiga akaanza kulia. "Ni ndefu mno."

"Nani kasema?"

"Upande wa bwana harusi. Wameleta kamba."

"Mwaka ule msitu ulipowaka, shingo hii iliuona moto kabla yetu sote," Bi Mwatumu akasema. "Bila shingo hii mimi na mtoto wangu tungeungua. Tulia nikufungue. Inua kichwa, polepole."

Ko, ko, ko, mifupa ikanyooka. Bi Mbuni na Bi Tandala walipoona hivyo, wakasema kwa pamoja, "Hata mimi nilipimwa."

Mama wa bwana harusi akashangaa. "Kamba gani? Sisi hatukuleta kamba."

Wote wakamgeukia Pimbi, naye alikwishapanda juu ya paa la nyumba zamani.

"Kamba ni yangu," akasema kutoka huko. "Ni urefu wa mgongo wangu. Nyinyi mlimpima shangazi kwa kanga, mimi nikawapima kwa kamba. Nani kati yenu amefurahi?"

Bi Twiga akafuta macho. "Bi Mwatumu, mimi nilikutia jikoni, nawe umekuja kunifungua. Nisamehe."

"Nimekufungua kwa sababu ulikuwa unaumia. Mimi nami nimeumia, Bi Twiga, tena sana. Kukusamehe nitakusamehe, lakini sitajikunja tena."

Akaomba sahani ya pilau. Akaila mbele ya watu wote, taratibu, mpaka akashiba kweli. Akanawa mikono, wala hakungoja mtu amwambie karibu. Ndi, ndi, ndi, akaenda na nguo zake za jikoni, akaketi mkekani.

Mwanaidi akajisogeza, akamwegemea ubavuni.

"Mama," akanong'ona ndani ya ushungi, "walitaka nitolewe bila wewe. Niliwaambia nitakaa hapa nimefunikwa hadi kesho."

"Nimekuja, mwanangu."

Akaushika ushungi kwa mikono miwili. Akauinua, na watu wote wakauona uso wa Mwanaidi, naye alikuwa hatazami wageni, anamtazama mama yake.

Hadithi yangu imekwisha, nanyi mkumbuke hili: mtu akija kwenu, mpisheni akae, msimpime mwili kwanza.