Chai ya Mtambo Uliokwama

Umeona. Usikatae. Juzi kioo cha kompyuta kiliganda mbele yako, wimbo ukapotea katikati ya ubeti, nawe ukageuza uso kama mtu anayepita penye msiba wa jirani asiyempenda. Ulipoambiwa, "Mtambo ukikwama kwanza unakuita; ukikwama tena unakuaga," ulicheka, kisha ukauliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaa chini, wewe na wenzako mliocheka. Methali hii ilianza hivi, na waliokuwepo hawajasahau, ingawa wapo ambao wangefurahi isahauliwe.

Katika kijiji cha Ipunguli, kusini mwa Tabora, chama cha warina asali kilikuwa na chumba cha kurekodia nyimbo. Kuta zilizibwa kwa magunia ili kelele za nje zisiingie. Ndani mlikuwa na kipaza sauti kimoja, kompyuta moja kuukuu, na fundi mmoja, Lugembe, aliyejifunza kazi kwa kufungua redio za watu na kuzirudisha zikiwa na skrubu pungufu. Lakini sikio alikuwa nalo. Ukigonga mzinga, angekuambia kama una asali au una buibui.

Programu ya kurekodia ilikuwa na tabia ya kukwama. Kioo kinakuwa cheupe, na chochote ambacho hakijahifadhiwa kimekwenda. Mara za mwanzo watu walishika vichwa. Kisha wakazoea, na mazoea ndiyo yaliyowamaliza. Nyanzala, mama aliyeshika ufunguo wa chumba, akiona tu weupe ule anabandika birika. "Mtambo unataka chai," watu husema. Wanakunywa, Lugembe anazima na kuwasha, wanaimba upya. Katika mikutano ya chama hakuna aliyelinyooshea jambo hilo kidole. Nani alaumu ubovu unaomletea chai?

Tena programu ile iliweza kujihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache, ila ikifanya hivyo hutia mkwaruzo kwenye sauti. Lugembe hakuuvumilia mkwaruzo. Akaizima njia hiyo, akawa anahifadhi kwa mkono mwimbaji anaponyamaza. Kwa kwaya haikuwa tabu.

Ndipo alipokuja Bibi Mwashi.

Yeye peke yake alikuwa amebaki na Wimbo wa Majina, unaoimbwa asali ya kwanza ya mwaka inapomiminwa chini. Unawaita mmoja mmoja waliofungua pori lile, kuanzia wa kale hadi waliozikwa jana. Mpangilio wa majina haukusemwa nje ya wimbo, na wimbo ukianza haukatwi. Ukikatwa, wale ambao hawajaitwa wamefukuzwa kwenye mkeka wanaotandikiwa siku hiyo; na hata usipokatwa, ukishaimbwa hauanzwi tena hadi asali ya mwaka mwingine. Sasa Bibi Mwashi alikuwa na uvimbe kooni, na hospitali ilikuwa imempangia kupasuliwa siku mbili baadaye. Walimwambia bila kumficha kwamba sauti huenda isirudi.

Aliingia asubuhi, kijibati cha ugoro mkononi. "Wanaitaka shingo yangu," alisema. "Nimewaambia wangoje, kwanza niwaweke watu wangu mahali salama. Humo kwenye sanduku lako ni salama, mjukuu wangu?"

"Salama kabisa, bibi."

"Umejibu upesi. Muuza ng'ombe mgonjwa naye hujibu upesi."

Nyanzala akacheka hadi akajishika kiuno. Lugembe akacheka pia, akamwomba bibi aseme neno lolote ili apime kipaza sauti. Bibi akaanza kumsema mjomba wake aliyekuwa mvivu wa kupanda miti. Hajafika mbali, kioo kikawa cheupe.

"Chai hiyo!" akasema Nyanzala, na birika likapanda jikoni.

Lugembe alizima, akawasha. Akawaza, je, ukikwama tena? Juu ya rafu palikuwa na redio kaseti yake ya zamani, nzima, inayorekodi vizuri tu, ila haikuwa na betri. Duka la betri lilikuwa ng'ambo ya barabara. Kuvuka na kurudi, basi. Aliitazama redio ile. Kisha kikombe kikawekwa mbele yake, na bibi alikuwa amekwisha kusimama, ameshafunga kanga, anamsubiri. Lugembe akaona haya kumsubirisha. Akageuza uso.

Bibi Mwashi akaimba.

Majina yalitoka kama watu wanaoingia uani, kila mmoja na mwendo wake. Yupo aliyechimba kisima, yupo aliyeuawa na nyati, yupo aliyejifungua mapacha safarini. Lugembe alikaa mkono juu ya kompyuta, anatamani bibi apumue walau kidogo apate kuhifadhi, naye anajua hapumui. Alipomsikia babu yake mwenyewe, Igulu, akiitwa kwa sauti ile, alifumba macho.

Alipofumbua, kioo kilikuwa cheupe.

Angeukataje wimbo? Bibi aliendelea hadi jina la mwisho, Kalunde, binti yake mwenyewe, akalivuta taratibu kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Akanyamaza, akatabasamu. Nyanzala akachungulia mlangoni, akauona weupe, na bila kuwaza akageuka. Mfuniko wa birika ukalia.

"Chai ya nini tena?" aliuliza bibi. "Mimi nimemaliza."

"Bibi..." alianza Lugembe.

"Sema."

"Mtambo umekwama."

"Wakati ninaimba?"

"Ndiyo, bibi."

"Watu wangu wamo au hawamo?"

Lugembe akageukia kile kioo cheupe.

"Safari hii hujibu upesi." Bibi alikaa kwenye kiti polepole. "Umekwama mara ngapi leo?"

"Hii ya pili."

"Na ile ya kwanza, mlifanya nini?"

Nyanzala alisimama mlangoni, birika mkononi. "Tulikunywa chai, mama," alisema.

"Ile ya kwanza mtambo ulikuwa unawaita," alisema Bibi Mwashi. "Unawaita kwa majina yenu, nanyi mnapuliza vikombe. Hii ya pili unawaaga."

Siku tatu Lugembe alichimba ndani ya kompyuta ile. Akaokoa dakika kumi na moja. Igulu hayumo. Kalunde hayumo.

Bibi alirudi kutoka hospitali akiwa mzima, sauti ikiwa kama majani makavu yanayokanyagwa. Asali ya mwaka mwingine ilipoiva, mkeka ukatandikwa, akasimama mbele ya watu na kufungua mdomo. Ilitoka pumzi. Akajaribu tena. Pumzi. Lugembe akainuka akiwa na dakika zake kumi na moja.

"Utapiga hizo, kisha waliobaki uwafukuze?" aliuliza mwenyekiti wa chama, yule yule aliyekunywa chai ile miaka yote.

Basi asali ikamiminwa kimya. Tangu pori lile lifunguliwe, ilikuwa mara ya kwanza. Bibi Mwashi alimgusa Lugembe bega, akamwonyesha watu. Lugembe alielewa anatakiwa kusema nini. Akasema mbele ya wote: "Mtambo ukikwama kwanza unakuita, ukikwama tena unakuaga."

Hakuna aliyecheka. Wewe ndiye uliyecheka. Na kioo chako kiliganda juzi, na sauti unayoijua wewe, ya mtu ambaye koo lake halitadumu, bado imekaa mahali pamoja tu. Umekwisha kuitwa. Inuka. Katoe nakala ya pili sasa hivi, na ya tatu uipeleke nyumba nyingine. Kikombe kiache hapo hapo, kipoe.